Mtandao bila daftari: Kwa nini ‘mtandao unasumbua’ si jibu

Foleni ilikuwa ya watu kumi na wanane. Mbele yangu alisimama mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa plastiki wenye vyeti mkononi. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, katika ofisi moja ya huduma ambayo sitaitaja jina. Dada wa dirishani aliinua macho kutoka kwenye kompyuta, akatamka maneno ambayo kila mkazi wa Dar es Salaam anayajua kwa moyo: “Mtandao unasumbua, tuvumiliane kidogo.”

Tukavumiliana. Saa tano ikapita. Mtoto akalia, akanyonya, akalala. Saa sita kasoro robo tukaambiwa turudi kesho. Yule mama hakugomba. Aliuliza swali moja tu: “Umeanza kusumbua saa ngapi?” Dada akatabasamu kwa aibu. “Sasa mama, hilo mimi nitalijuaje?”

Nilitoka pale na swali lile kichwani, maana dada hakuwa peke yake asiyejua. Bosi wake hakujua, na sina hakika kama fundi wao alijua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka Kariakoo akiona mauzo yamelegea, hufungua daftari akalinganisha wiki hii na wiki iliyopita, mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana. Mtandao wa kompyuta leo umebeba mishahara, majibu ya maabara, tiketi za basi na ada za shule, lakini ofisi nyingi zinauendesha bila hata ukurasa mmoja wa kumbukumbu.

Daftari hilo lipo, na zana zake nyingi hazina bei. Linalokosekana ni mazoea ya kuandika na ya kusoma kilichoandikwa.

Neno moja, magonjwa manne

Kusema “mtandao unasumbua” ni kama kumwambia daktari kuwa mwili haujisikii vizuri. Daktari hataandika dawa kwa maneno hayo. Atapima joto, atachukua damu, atauliza ulianza lini.

Chini ya maneno hayo hujificha magonjwa yasiyopungua manne. La kwanza, njia imekatika: mkonga umechimbuliwa na greda, au swichi imezimika kwa sababu ya umeme. La pili, njia ipo lakini imejaa. La tatu, njia ni nyeupe kabisa, ila seva iliyo upande wa pili imeelemewa na maombi, kama karani mmoja mbele ya wateja mia. La nne ni la majina: kompyuta hutafutana kwa namba, na kitabu kinachogeuza jina la tovuti kuwa namba kikikwama, kila kitu huonekana kimekufa ilhali kila kitu ni kizima.

Magonjwa haya manne yana dalili moja dirishani: kiduara kinachozunguka kwenye kioo. Dawa zake hazifanani hata kidogo. Kununua kifurushi kikubwa zaidi, ambayo ndiyo dawa inayopendwa na mabosi, hutibu ugonjwa wa pili peke yake, na hata huo si kila mara.

Pale mita 400 zilipogeuka safari ya siku

Somo la kupima lilianza kwa aibu. Oktoba 1986, njia ya mtandao kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, Marekani, ilianguka. Majengo hayo mawili yametengana kwa umbali usiofika mita 400. Kasi iliyokuwa biti 32,000 kwa sekunde ilishuka hadi biti 40. Kwa kuwa herufi moja huchukua biti nane, maana yake ni herufi tano kwa sekunde. Mtu angeweza kuipeleka barua kwa miguu kabla mashine haijamaliza ukurasa.

Hakuna waya uliokuwa umekatika, na hilo ndilo lililowasumbua mafundi. Mmoja wao, Van Jacobson, akishirikiana na Mike Karels wa Berkeley, aliamua kuzitazama pakiti zenyewe, yaani vile vipande vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni: ipi imetoka lini, ipi imefika, ipi imetumwa tena. Walichokiona kilikuwa kama njia panda ya Ubungo enzi za kabla ya daraja la juu, siku taa zinapozimika. Kila kompyuta ambayo haikupata jibu haraka ilidhani pakiti yake imepotea, ikaituma tena. Njia iliyokuwa imejaa ikajazwa zaidi na nakala za mizigo iliyokuwa bado barabarani. Kadiri kila mmoja alivyolazimisha kupita, ndivyo wote walivyosimama.

Tiba waliyoichapisha mwaka 1988 ni adabu ya barabarani: anza taratibu, ongeza mwendo ukiona mizigo inafika, na ukiona pakiti imepotea, punguza. Adabu hiyo, pamoja na marekebisho mengi yaliyofuata, bado inafanya kazi ndani ya simu uliyoishika. Haikuzaliwa kwa kununua waya mnene zaidi. Ilizaliwa kwa sababu watu walikaa chini wakarekodi kilichokuwa kinapita.

Zana nyingi wanazotumia mafundi hadi leo ni za miaka hiyo hiyo. Desemba 1983, Mike Muuss wa maabara moja ya jeshi la Marekani aliandika programu ndogo aliyoiita ping, kwa mlio wa mitambo ya nyambizi inayopiga sauti majini na kusikiliza mwangwi. Unaituma, inagonga mlango wa kompyuta ya mbali, inarudi na kukuambia safari imechukua milisekunde ngapi. Jacobson naye aliandika traceroute, inayotaja kila kituo ambacho pakiti inapitia, na pia akashirikiana na wenzake kuandika tcpdump, inayozirekodi pakiti moja baada ya nyingine.

Kadi ya kliniki

Mama aliyewahi kupeleka mtoto kliniki haihitaji sayansi hii kwa maneno makubwa. Kila mwezi mtoto huning’inizwa kwenye mizani, nesi akasoma uzito na kuweka nukta kwenye kadi. Nukta moja haisemi mengi. Mtoto wa kilo nane anaweza kuwa mzima au mgonjwa, inategemea mwezi uliopita alikuwa na ngapi. Nesi husoma mstari: ukipanda, anamrudishia mama kadi kwa furaha, ukilala, anaanza kuuliza maswali, ukishuka, mama haendi nyumbani hadi aonwe na daktari.

Mtandao hupimwa vivyo hivyo. Kila ruta na kila swichi ya maana ina kaunta ndani yake, inayohesabu baiti zilizopita kila mlango, pakiti zilizotupwa na makosa yaliyotokea. Mwaka 1988 wahandisi walikubaliana lugha moja ya kuvisomea vifaa hivyo, inayoitwa SNMP, ili ruta ya kampuni hii na swichi ya kampuni ile ziulizwe kwa namna moja na kujibu kwa namna moja. Kilichobaki kilikuwa kadi ya kuwekea nukta.

Kadi hiyo aliitengeneza Tobias Oetiker, Mswisi aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha De Montfort mjini Leicester, Uingereza. Chuo kilikuwa na njia moja tu ya kwenda nje, ya kilobiti 64 kwa sekunde, na kila mtu alitaka kujua ina hali gani. Mwaka 1995 akatoa programu ya bure iitwayo MRTG. Kila baada ya dakika tano husoma kaunta, ikatoa tofauti na ile iliyosomwa mara ya mwisho, ikachora nukta. Hutoa picha nne: ya siku, ya wiki, ya mwezi na ya mwaka. Zana za siku hizi zimeivuka mbali kwa urembo, lakini wazo ni lile lile.

Mizani nayo huweza kudanganya. Kaunta za zamani zilihesabu hadi 4,294,967,295, kisha zikarudi sifuri kama mita ya gari iliyokwisha tarakimu. Kwenye njia ya gigabiti moja kwa sekunde iliyojaa, kaunta hiyo huzunguka kila baada ya sekunde 34 hivi. Anayeisoma kila dakika tano atakuta imezunguka mara nane bila yeye kujua, na grafu itamwonyesha njia iliyolala usingizi siku ambayo imefurika. Ndiyo maana fundi makini hutumia kaunta kubwa za biti 64, na hujiuliza kwanza kama mizani yenyewe ni salama kabla ya kumtibu mtoto.

Saa nne ya asubuhi au ya usiku?

Miaka kadhaa nyuma nilifanya kazi katika ofisi yenye watu wasiozidi arobaini. Kila asubuhi, ikifika saa nne, intaneti ililegea. Barua pepe hazitoki, kurasa hazifunguki. Ikifika saa sita hali inarudi. Uongozi ukaongeza kifurushi. Baada ya miezi michache ukakiongeza tena. Saa nne ikifika, mambo yale yale.

Akaja fundi kijana. Hakugusa kitu wiki nzima. Aliweka tu programu ya kuchora grafu kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo. Jumatatu iliyofuata alileta karatasi yenye vilima vitano, kimoja kwa kila siku ya kazi, vyote vikianza mahali pamoja: 07:00. Bosi akaitazama akasema, “Saa saba watu wote wako kwenye chakula. Hiyo mashine yako inasema uongo.”

Haikusema uongo. Vifaa vingi vya mtandao huandika saa kwa majira ya ulimwengu, yale yaliyokuwa yakiitwa majira ya Greenwich, nasi tuko mbele kwa saa tatu. 07:00 ya kifaa ni 10:00 ya kwetu, yaani saa nne asubuhi. Palepale kila mtu akanyamaza.

Kilichokuwa kikipanda si grafu ya mizigo iingiayo, bali ya mizigo itokayo. Mtu fulani, zamani, alipanga seva ya ofisi itume nakala za akiba za mafaili yote kwenye hifadhi ya mbali kila siku ya kazi saa nne usiku, watu wakiwa wamelala. Kwenye mashine aliandika “10”. Mashine, ambayo haijui Kiswahili, ikaanza kazi saa nne asubuhi. Vilevile vifurushi vile vilivyoongezwa viliongeza njia ya kushusha, ilhali iliyojaa ilikuwa njia ya kupandisha, ambayo kwa kawaida ni nyembamba zaidi.

Mtu atauliza: kama njia ya kushusha ilikuwa wazi, kwa nini kurasa zilikataa kufunguka? Kwa sababu mtandao una risiti. Kompyuta yako ikipokea mizigo, lazima irudishe taarifa kwamba imepokea. Risiti isipofika, mtumaji hapeleki mzigo mwingine. Risiti zetu zilikwama nyuma ya mafaili ya nakala za akiba, kama bodaboda iliyobanwa nyuma ya malori. Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys wa Bell Labs, Marekani, alikumbana na jambo la namna hiyo nyumbani kwake: akipandisha mafaili, majibu ambayo yangerudi kwa milisekunde chache yalichukua zaidi ya sekunde nzima. Alipima, akagundua kuwa vifaa vya majumbani vimejengwa na maghala makubwa mno ya kusubirishia pakiti, kiasi kwamba foleni inakua ndefu bila mtu kuambiwa apunguze mwendo. Kilio chake kilizaa programu mpya za kusimamia foleni ndani ya ruta.

Kwetu tiba ilikuwa nyepesi kuliko hiyo. Fundi alifuta “10” akaandika “22”. Ofisi ikarudi kwenye kifurushi cha zamani.

Mizani, kitabu, na kufungua mzigo

Fundi alimjuaje mhusika kati ya mashine zote zile? Hapo ndipo ngazi tatu za ukusanyaji zinapotofautiana.

Fikiria kituo cha mizani barabarani. Ngazi ya kwanza ni kuhesabu: malori mangapi yamepita leo, tani ngapi. Hiyo ndiyo kazi ya kaunta. Ni rahisi, haichoshi kifaa, na inatosha kukuambia kwamba kuna tatizo na limeanza lini.

Ngazi ya pili ni kitabu cha kituo: lori namba fulani, limetoka wapi, linakwenda wapi, limepita saa ngapi, lina uzito gani. Hatuambiwi ndani kuna nini. Kwenye mtandao kitabu hicho kilianza kutumika kwenye ruta za Cisco katika miaka ya 1990 kwa jina la NetFlow, kisha kikawekewa kiwango kinachokubaliwa na wote kiitwacho IPFIX. Kinafanana na orodha ya simu ulizopiga: namba, saa, muda, bila maneno yaliyosemwa. Fundi wetu alipofungua kitabu hiki aliona anuani moja ya ndani ikituma mizigo mingi kuliko nyingine zote zikijumlishwa.

Ngazi ya tatu ni kufungua turubai na kukagua mzigo. Hapo pakiti hunaswa moja moja. Zana inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Wireshark, iliyoanzishwa na Gerald Combs mwaka 1998 kwa jina la Ethereal na kubadilishwa jina mwaka 2006. Haina bei. Inakuonyesha kila salamu, kila risiti, kila pakiti iliyotumwa mara ya pili, kwa muda ulio chini ya milisekunde. Lakini huwezi kufungua turubai la kila lori linalopita Barabara ya Morogoro. Barabara itasimama, na ghala la kuhifadhia rekodi litajaa kwa saa chache. Ngazi hii ni ya dakika chache, mahali pamoja, ukiwa tayari unajua unatafuta nini.

Wengi huanza na ya tatu kwa sababu ndiyo inayoonekana ya kitaalamu. Mpangilio wa busara ni huo wa nesi: mizani kwanza, maswali pili, kisu mwisho.

Wastani ni mwongo mpole

Kukusanya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusoma, na msomaji wa kwanza huangukia kwenye shimo liitwalo wastani.

Chukua wateja mia wa tovuti. Tisini na watano walisubiri sekunde moja kila mmoja. Watano walisubiri sekunde 41. Wastani ni sekunde tatu. Ripoti itaandikwa “sekunde tatu”, bosi ataridhika, ilhali hakuna hata mteja mmoja aliyesubiri sekunde tatu. Na wale watano ndio watakaopiga simu kulalamika. Ndiyo maana wanaojua kazi hii huuliza: yule wa tisini na tano kwa mia alisubiri muda gani? Na yule wa tisini na tisa?

Ndivyo ilivyo pia kwa njia. Grafu ya dakika tano ikionyesha njia imetumika nusu, huenda imejaa kabisa kwa nusu ya muda huo na kulala nusu iliyobaki. Pakiti zilizotupwa katika mafuriko ya sekunde mbili hazionekani kwenye nukta ya dakika tano, lakini aliyekuwa akifanya malipo wakati huo aliyaona.

Hesabu za foleni ni za zamani kuliko kompyuta. Mdenmarki Agner Krarup Erlang alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu simu na hesabu za bahati mwaka 1909, kwa ajili ya kampuni ya simu ya Copenhagen. Hakuishia kwenye karatasi. Husimuliwa kwamba alitembea mitaani na kibarua mwenye ngazi, akishuka kwenye mashimo ya nyaya ili apime mwenyewe. Kutokana na mkondo huo wa hesabu tunajua kanuni moja ambayo kila mwenye ofisi angeibandika ukutani. Katika mfano rahisi wa foleni yenye karani mmoja, akiwa na kazi kwa nusu ya muda wake, mteja hutumia mara mbili ya muda wa huduma yenyewe. Kazi ikifika asilimia 80, ni mara tano. Asilimia 90, mara kumi. Asilimia 95, mara ishirini. Tazama hatua hiyo ya mwisho: mzigo umeongezeka kidogo tu, kusubiri kumekuwa maradufu. Njia iliyotumika kwa asilimia 90 inaonekana kwa mhasibu kuwa matumizi mazuri ya fedha. Kwa yule mama wa foleni ni siku iliyopotea.

Na mtandao wa data ni mkorofi kuliko simu za Erlang. Simu zikiwa nyingi husawazishana, kama abiria wa kituo kikubwa. Watafiti wa Bellcore, Marekani, walirekodi mtandao wa ofisi zao kuanzia mwaka 1989, na katika miaka ya 1990 wakaonyesha kuwa mizigo ya kompyuta haisawaziki kirahisi: ukiitazama kwa sekunde, kwa dakika au kwa saa, vilima na mabonde ni vilevile. Anayepanga ukubwa wa njia kwa kutegemea wastani anajenga daraja kwa kina cha mto wa kiangazi.

Jumapili mkonga ulipokatika

Afrika Mashariki ina historia yake kwenye kadi hizi. Kabla ya mikonga ya baharini, sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipita angani, kwenye setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka: jumla ya kilomita zaidi ya 140,000. Hata kwa mwendo wa mwanga, safari hiyo hula karibu nusu sekunde kabla ya msongamano wowote. Hakuna kifurushi kinachoweza kununua nusu sekunde hiyo. Mkonga wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata, mistari ya vipimo vya wakati wa safari ilianguka. Kwenye nyuzi za kioo mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi kwa mkonga wa kilomita 10,000 huchukua milisekunde mia moja.

Nairobi walijifunza jambo jingine. Kabla ya kituo cha kubadilishana mizigo cha KIXP kuanza kazi kwa uthabiti mwaka 2002, barua pepe ya mteja wa kampuni moja kwenda kwa jirani yake wa kampuni nyingine ilizunguka ng’ambo kwanza. Utafiti uliotolewa na shirika la Internet Society mwaka 2012 ulionyesha kuwa kituo hicho kilishusha muda wa safari za ndani kutoka milisekunde kati ya 200 na 600 hadi kati ya mbili na kumi. Dar es Salaam nayo ina kituo chake, TIX. Siri ya mafanikio hayo ni kwamba kulikuwa na vipimo vya kabla, ndipo vya baada vikawa na maana.

Kisha ikaja Jumapili ya Mei 12, 2024. Mikonga ya EASSy na SEACOM ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alitoa taarifa kwa umma. Lakini kulikuwa na wengine walioliona tukio hilo wakiwa mbali nasi: shirika la NetBlocks la London na kampuni ya Cloudflare ya San Francisco, zilizochapisha grafu zinazoonyesha mstari wa Tanzania ukiporomoka. Hawakuwa na mtu aliyesimama Msasani kutazama bahari. Walikuwa na daftari. Walijua Jumapili ya kawaida ya Tanzania inafananaje saa ile, hivyo Jumapili isiyo ya kawaida ikajitangaza yenyewe.

Wakati huo huo, ni ofisi ngapi zetu zilizotumia saa nzima kuzima ruta na kuiwasha tena?

Anayehesabu asigeuke mpelelezi

Daftari la mtandao lina upande wa pili. Kitabu cha mizani hakisemi kilichomo ndani ya lori, lakini kinasema limekwenda wapi. Anayejua kuwa kompyuta ya dada fulani wa uhasibu imetembelea tovuti ya kliniki fulani mara sita wiki hii anajua jambo ambalo hakuambiwa. Siku hizi mawasiliano mengi yamefungwa kwa msimbo, yaliyomo hayasomeki, ila anuani, saa na ukubwa wa mizigo bado huonekana.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya na Uganda zilitunga za kwao mwaka 2019. Kwa lugha ya kawaida, kusanya unachohitaji kwa kazi uliyoitaja, waambie watu wako kwamba unakusanya, kitunze kwa usalama, kifute muda wake ukiisha. Kupima afya ya njia hakuhitaji kujua nani kasoma nini. Bosi anayeomba orodha ya tovuti za wafanyakazi kwa jina la “kuangalia kasi” ana shida nyingine, na fundi asikubali kuwa jicho lake.

Kinachowezekana kuanzia Jumatatu

Hakuna linalohitaji bajeti kubwa. Kompyuta kuukuu inatosha. Zana kama MRTG, Zabbix, Prometheus na LibreNMS hazilipiwi. Pima mambo manne: njia imejaa kiasi gani kwenda na kurudi, safari inachukua milisekunde ngapi, pakiti ngapi zinapotea, na seva inajibu kwa muda gani. Gonga milango mitatu: ruta ya ofisini, kituo cha kwanza cha mtoa huduma, na tovuti ya mbali. Mlango wa kwanza usipojibu, tatizo ni lako. Wa kwanza ukijibu na wa pili ukakaa kimya, mpigie mtoa huduma ukiwa na grafu mkononi, uone sauti yake inavyobadilika.

Hakikisha saa za vifaa vyote zinafanana. Weka tahadhari itakayopitia njia nyingine. Nimeona mfumo uliopangwa kutuma barua pepe mtandao ukifa, kupitia mtandao uleule uliokufa. Anza kupima mambo yakiwa mazuri, maana kadi inayoanza siku mtoto anapougua haina cha kulinganisha. Na kabla ya kusaini kifurushi kipya, kumbuka kuwa biti si baiti: megabiti kumi kwa sekunde ni megabaiti moja na robo.

Sisi wateja nasi tuna zamu yetu. Siku nyingine ukiambiwa dirishani kwamba mtandao unasumbua, usigombe na dada wa watu. Uliza kwa upole kama yule mama: umeanza kusumbua saa ngapi? Ofisi yenye daftari itakujibu. Ofisi isiyo nalo itaona haya, na ikiulizwa na watu kumi na wanane kwa siku, itanunua daftari.